Panya afe ili mwanao apone? Kuna wanaoamua

JE, msomaji, mwanao akiumwa na swila leo jioni mkiwa mashambani, utauliza ile dawa ya kuzuia sumu ilijaribiwa vipi? La hasha! Utauliza iko wapi, na kama itafanya kazi.

Wala hakuna atakayekulaumu. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Lakini dawa hiyo ina historia yake, na historia hiyo imejaa wanyama. Kwanza kuna farasi au kondoo aliyedungwa sumu kidogo kidogo hadi damu yake ikatengeneza kinga. Kisha kuna wale panya wadogo weupe wa maabara, waliodungwa sumu iliyochanganywa na kinga hiyo ili ijulikane ni wangapi wataishi na ni wangapi watakufa. Sumu ya nyoka haiui kwa upole, si kwa mtu wala kwa panya.

Shirika la Afya Ulimwenguni (WHO) linakadiria kwamba kati ya watu 81,000 na 138,000 hufariki kila mwaka duniani kwa kuumwa na nyoka. Mnamo 2017 shirika hilo liliiweka shida hii katika orodha yake ya maradhi ya tropiki yaliyopuuzwa. Wengi wanaoumwa ni wakulima, wachungaji na watoto wa mashambani. Hapa kwetu, waulize wakazi wa Baringo, Kitui au Kilifi, watakusimulia.

Basi swali la Jumapili ya leo ni hili: ni nani huamua panya wangapi watakufa, na kwa maumivu kiasi gani, ili mtoto mmoja apone?

Kamati usiyoijua

Watu hao wapo, ingawa majina yao hayatangazwi redioni. Wao ni wanachama wa kamati za maadili ya utafiti wa wanyama. Utazikuta kamati za aina hii katika Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo (ILRI) kule Kabete, Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu ya Kenya (KEMRI), Chuo Kikuu cha Nairobi, na ile taasisi ya utafiti wa nyani iliyoko Karen, ambayo chanzo chake ni kituo kilichoanzishwa na Dkt Louis Leakey kule Tigoni.

Mtafiti anayetaka kutumia mnyama huandika ombi. Hueleza anatafuta nini, anahitaji wanyama wa aina gani na wangapi, atawafanyia nini, na mwisho wao utakuwaje. Kamati husoma, huuliza, hurudisha karatasi zirekebishwe, huidhinisha au hukataa.

Hilo si jambo la hisani tu. Sheria ya Kenya ya kuzuia ukatili dhidi ya wanyama, Sura ya 360, iliyotungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, hairuhusu mtu kumfanyia mnyama majaribio bila leseni. Aidha, sheria ya sayansi, teknolojia na uvumbuzi ya 2013 inamtaka mtafiti awe na leseni ya utafiti kutoka kwa tume ya kitaifa inayosimamia mambo hayo, NACOSTI.

Kamati nzuri huwa na watu mchanganyiko: daktari wa mifugo, wanasayansi wa nyanja mbalimbali, mtu asiye mwanasayansi, na mtu kutoka nje ya taasisi. Huyo wa nje huenda akawa mwalimu, wakili au kasisi. Kazi yake ni kuuliza yale maswali ambayo wewe na mimi tungeuliza.

Aibu iliyozaa sheria

Usidhani wanasayansi walijifungia chumbani siku moja wakaamua kuwa wapole. Mara nyingi walisukumwa na umma.

Uingereza ilitunga sheria ya kwanza ya kusimamia majaribio kwa wanyama mnamo 1876, baada ya raia kulalamika kwamba mbwa walikuwa wakipasuliwa wangali hai. Nchini Marekani, jarida la Life lilichapisha mnamo 1966 picha za mbwa waliokonda, wakiwa mikononi mwa wafanyabiashara waliowauzia maabara. Barua zilimiminika. Mwaka huo huo Marekani ikapata sheria ya ustawi wa wanyama.

Mnamo 1984 kukazuka kisa kingine. Watetezi wa wanyama waliingia kisiri katika maabara moja ya Chuo Kikuu cha Pennsylvania na kuondoka na kanda za video ambazo watafiti walikuwa wamejirekodi wenyewe. Zilionyesha nyani wakigongwa vichwa kwa mashine ili majeraha ya ubongo yachunguzwe, huku baadhi ya wahusika wakiwafanyia mzaha. Mwaka uliofuata serikali ilisimamisha fedha za utafiti huo. Ni mwaka huo pia, 1985, ambapo sheria za Marekani zilizilazimisha taasisi kuwa na kamati za kukagua maombi, zenye daktari wa mifugo na mtu wa nje.

Nguzo tatu

Kamati hizi huegemea nguzo tatu zilizoelezwa na Waingereza wawili, William Russell na Rex Burch, katika kitabu chao cha 1959.

Nguzo ya kwanza ni kubadilisha. Kama swali linaweza kujibiwa kwa seli zilizokuzwa kwenye sahani ya maabara, au kwa kompyuta, basi mnyama aachwe. Ya pili ni kupunguza: watumike wanyama wachache kadiri inavyowezekana, bila kuyaharibu matokeo. Ya tatu ni kupoza, yaani kumwondolea mnyama maumivu na hofu kwa ganzi, dawa za kutuliza uchungu, kizimba chenye nafasi na mikono inayojua kumshika.

Zikisomwa hivi, nguzo hizi ni rahisi kama kuhesabu moja, mbili, tatu. Lakini hebu keti kwenye kiti cha mwanakamati uone moto wake.

Ombi la kwanza: panya 375

Tuseme mtafiti analeta ombi. Anataka kupima dawa tatu za nyoka zinazouzwa madukani dhidi ya sumu za nyoka watano. Dawa tatu mara sumu tano ni jozi 15. Kila jozi itapimwa kwa viwango vitano vya dawa, na kila kiwango kitahitaji panya watano. Piga hesabu: ni panya 375. Watatazamwa kwa saa 24, kisha waliokufa wahesabiwe.

Utasema nini? Ukikubali upesi, umewatia panya 375 katika mateso. Ukikataa upesi, dawa dhaifu itaendelea kuuzwa na mtoto wa mtu atadungwa maji matupu. Hili si jambo la kubuni. Mnamo 2017 ulichapishwa utafiti ulioonyesha kwamba baadhi ya dawa zilizopatikana Kenya zilikuwa na upungufu wa kutia wasiwasi dhidi ya sumu za nyoka wa Afrika Mashariki. Ukweli huo ulijulikana kupitia panya.

Mwanakamati mwerevu basi hakimbilii ndiyo wala la. Huuliza kwanza: je, dawa hizi haziwezi kupimwa ndani ya chupa ili ionekane kama zinaishika sumu hata kidogo? Tuseme jozi sita zikifeli hapo. Hakuna haja ya kuzipeleka kwa mnyama, na panya 150 wamenusurika.

Pili, kwa nini panya wasipewe dawa ya kutuliza maumivu? Mtafiti atajibu kwamba huenda ikayavuruga matokeo. Hapo kamati nzuri haishtuki. Humwambia alete ushahidi, au ajaribu kwa panya wachache kwanza.

Tatu, ni lazima kungoja kifo? Panya ambaye dalili zake zaonyesha bayana kwamba hatapona anaweza kuuawa kwa njia ya haraka, naye akahesabiwa miongoni mwa waliokufa. Wataalamu huiita hatua hiyo kikomo cha huruma.

Kisha linakuja lile swali dogo ambalo wengi husahau: ni nani atakuwa pale saa nane za usiku? Kama panya wamedungwa mchana na kila mtu akaenda nyumbani saa kumi na moja, kikomo cha huruma kimebaki kuwa maandishi kwenye karatasi. Kamati inapaswa kuiona orodha ya zamu, ijue ni nani analipwa kukesha na ana mamlaka gani. Mara nyingi uamuzi mgumu wa maadili huishia kwenye bajeti ya mlinzi wa usiku.

Ombi la pili: ng'ombe asiye na chanjo

Sasa tutoke kwa panya, twende kwa ng'ombe. Mfugaji yeyote wa Kiambu au Uasin Gishu anaijua ndigana kali, ule ugonjwa wa kupe ambao wengi huuita ECF. Ng'ombe wa maziwa akiupata asitibiwe mapema, uwezekano mkubwa ni kwamba atakufa ndani ya wiki tatu hivi. Na akifa, karo ya shule imekufa naye.

Chanjo ilibuniwa hapa nchini, Muguga, katika miaka ya 1970. Ng'ombe hupewa vimelea hai vya ugonjwa wenyewe, na papo hapo hudungwa dawa ya kuvidhibiti. Lakini vimelea hivyo havioti mtini. Kutengeneza akiba moja kubwa ya chanjo hiyo huhitaji ng'ombe zaidi ya 100, mamia ya sungura wa kulisha kupe, na malaki ya kupe wenyewe. Kisha ni lazima nguvu yake ipimwe, na hupimwa kwa kuwalinganisha ng'ombe waliochanjwa na wale ambao hawakuchanjwa, wote wakiwa wameambukizwa.

Hao wasiochanjwa ndio mtihani wa kamati. Wao ni wa kuugua tu. Bila wao, mtafiti hawezi kuthibitisha kwamba chanjo ndiyo iliyowaokoa wengine.

Hapa baadhi ya wanakamati huingiwa na huruma na kusema, "Punguza! Badala ya 10, tumia wawili." Huruma hiyo ina mtego. Idadi ikiwa ndogo mno, matokeo hayatasema lolote la kuaminika, na hao wawili watakuwa wameteseka bure. Isitoshe, itabidi kazi irudiwe. Kutumia wanyama wachache kupita kiasi ni kosa sawa na kutumia wengi kupita kiasi. Ndiyo maana mtaalamu wa takwimu ana nafasi yake mezani.

Swali la maana zaidi ni hili: waugue hadi wapi? Joto la mwili hupimwa kila siku, matezi hukaguliwa, damu na majimaji ya matezi hutazamwa kwa darubini. Jibu la mtafiti likishapatikana, ng'ombe huyo ana sababu gani ya kuendelea kuungua kwa homa? Dawa ya kutibu ndigana, buparvakoni, ipo. Atibiwe, au auawe bila kuteswa. Kamati huandika kiwango cha joto na siku, ili asiwepo mtu wa kusema, "Tungoje kesho."

Walipogawanyika katikati

Kuna nyakati ambapo hata wenye busara hawapatani. Mnamo 2011 jopo la wataalamu wa Taasisi ya Tiba ya Marekani lilitoa ripoti kuhusu sokwe waliokuwa wakitumiwa katika utafiti wa tiba. Jopo lilisema kwamba utafiti mwingi uliokuwa ukiendelea haukuwahitaji sokwe. Lakini walipofikia chanjo ya kukinga ugonjwa wa ini wa Hepataitisi C, waligawanyika nusu kwa nusu. Hawakuficha mgawanyiko huo. Waliuandika katika ripoti.

Mnamo 2013 taasisi za afya za serikali ya Marekani zilitangaza kuwastaafisha sokwe wao wengi na kubakisha 50 tu kwa dharura. Mnamo Novemba 2015 zikasema hata hao 50 hawatahitajika tena.

Funzo hapa ni kwamba kutokubaliana si aibu. Aibu ni kupiga kura haraka haraka ili watu waende kula chamcha.

Kesi ya nyani, hakimu ngedere?

Wahenga hawakukosea waliposema kesi ya nyani haifai kupewa ngedere. Wanakamati wengi ni watafiti. Leo anakagua ombi la mwenzake, kesho mwenzake atakagua lake. Mwingine anaketi kumkagua mkubwa wake wa idara. Na yule mtu wa nje, akizungukwa na madaktari na maprofesa wenye maneno mazito, huenda akaona heri anyamaze.

Mnamo 2001 jarida la Science lilichapisha uchunguzi wa Scott Plous na Harold Herzog wa Marekani. Walichukua maombi 150 yaliyokuwa yamekaguliwa na kamati 50, wakayapeleka kwa kamati nyingine bila hizo kujua uamuzi wa kwanza. Matokeo? Makubaliano baina ya kamati hayakuzidi yale ambayo yangepatikana kwa bahati nasibu, hata kwa majaribio yenye maumivu.

Je, basi kamati zivunjwe? Hapana. Hakimu wawili pia huweza kutofautiana, lakini hatufungi mahakama. Tunachodai ni utaratibu. Mwenye ombi, na yeyote mwenye masilahi katika ombi hilo, atoke nje wakati wa kuamua. Asiye mwanasayansi apewe nafasi ya kuuliza kwanza, kabla maprofesa hawajazungumza. Sababu za uamuzi ziandikwe. Na kamati isiishie kwenye karatasi; itembelee vizimba bila kupiga hodi mapema, na iwe na uwezo wa kusimamisha kazi iliyokwisha kuidhinishwa.

Mbuzi na panya

Najua kuna msomaji anayecheka. "Jumapili hii hii tutakula nyama choma, na wewe unamlilia panya?"

Swali hilo ni halali. Lakini kumbuka kwamba hata mchinjaji hufunzwa anoe kisu, na mbuzi asichinjwe huku akimwona mwenzake akichinjwa. Tumekubali kumla mnyama, hatujakubali kumtesa. Kuchinja ni jambo la dakika. Jaribio huenda likawa la siku au miezi. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

Wala mnyama si dhamana. Mnamo Machi 2006, vijana sita waliojitolea kujaribiwa dawa iliyoitwa TGN1412 jijini London walinusurika kifo. Kipimo walichopewa kilikuwa kidogo mara 500 kuliko kile ambacho nyani walikuwa wamepewa bila madhara. Kwa hiyo kamati haina budi kuuliza pia: je, mnyama huyu anaweza kweli kutujibu swali letu?

Dunia inasonga kwa mwendo huo. Tangu 2013 Umoja wa Ulaya umepiga marufuku uuzaji wa vipodozi vilivyojaribiwa kwa wanyama. Mwishoni mwa 2022 Marekani iliondoa katika sheria yake sharti la kwamba kila dawa mpya ijaribiwe kwanza kwa wanyama. Lakini kwa chanjo ya ng'ombe, na kwa dawa ya nyoka, mnyama bado yumo.

Wewe ufanye nini?

Kama wewe ni mwanafunzi wa chuo na mradi wako una sungura, panya au hata kuku, usisubiri mwezi wa mwisho kuomba kibali. Andika ombi lako kwa lugha ambayo mama yako angeielewa. Eleza kwa nini ni idadi hiyo na si nyingine. Andika ni nani atawalisha wikendi na siku za sikukuu. Kamati ikikurudishia karatasi, usione umeonewa. Huenda imeyaokoa matokeo yako.

Kama wewe ni mzazi, na mwanao amekuambia hataki kumpasua chura au sungura darasani, msikilize kabla ya kumkemea. Muulize mwalimu kama kuna picha au kielelezo cha plastiki kitakachofunza somo lile lile.

Na kama wewe ni mwalimu, wakili, mhubiri au mfanyabiashara, siku moja huenda ukapokea barua ya kukualika uwe yule mtu wa nje katika kamati. Usikatae kwa kusema hujui sayansi. Utakaposomewa ombi lililojaa majina ya kutatanisha, inua mkono uulize: "Huyu mnyama ataumia? Kwa muda gani? Na nani atakuwa naye usiku?" Usishushe mkono hadi ujibiwe.